Chai, Wali na Redio: Historia ya Siku ya Kawaida Nyumbani

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Tanja huko Moroko, alishuka Mogadishu akiwa njiani kwenda Kilwa. Vitabu vya shule humkumbuka kwa sifa alizoumwagia mji wa Kilwa na ukarimu wa sultani wake. Havisemi kwamba alikuwa mtu anayependa kula, wala kwamba alichoandaliwa Mogadishu alikihifadhi kichwani zaidi ya miaka ishirini mpaka akakisimulia kwa mwandishi wake. Ulikuwa wali wa samli, umepakuliwa kwenye chano kikubwa cha mti, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, ndimu za achari, pilipili manga zilizotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Mtu mmoja wa mji ule, akasema, hula chakula cha kundi zima la watu wa kwetu, na miili yao ni minene kupindukia.

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Hata hivyo aliona kwamba chakula kikuu cha watu wa pale ni ndizi na samaki, kwamba nafaka huletwa kutoka ng'ambo, na kwamba kwenye milango ya misikiti yao ya mbao kuna kisima na kata ya kutekea maji, kila aingiaye anaosha miguu kwanza, maana watu wanatembea pekupeku.

Nimeanza na tumbo la Ibn Battuta kwa makusudi. Historia ya nchi zetu imeandikwa kwa majina ya masultani, magavana, vyama na vita. Siku ya kawaida nyumbani, yaani chai ya asubuhi, nazi ya mchana, bao la alasiri na redio ya usiku, haikuandikwa kwa kuwa kila mtu aliijua. Nani apoteze wino kueleza jinsi mama anavyopika wali? Ikaachiwa wageni, nao waliandika kilichowashangaza tu. Matokeo yake tunadhani raha hizi ndogo zilikuwepo tangu dunia iumbwe. Sivyo. Kila moja ina wakati wake wa kuingia nyumbani, na nyuma ya kila moja kuna mtu aliyefanya kazi ili mwingine astarehe.

Tuuchukue huo wali. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi Pemba wameona kwamba watu wa Tumbe, kijiji kikubwa cha kati ya karne ya 7 na ya 10, walikula zaidi mawele. Jirani yake, Chwaka, mji uliostawi kuanzia karne ya 11, mchele ndio uliotawala. Ndani ya muda huo mfupi kwa hesabu ya historia, nafaka iliyotoka Asia ikawa chakula cha heshima pwani nzima, na mawele yakarudi nyuma yakawa chakula cha shida. Mpaka leo mgeni hapikiwi uji wa mawele. Anapikiwa wali, tena wa nazi, na ikiwa ni wa harusi basi pilau au biriani. Heshima hiyo ya mchele ina umri unaokaribia miaka elfu moja.

Na kazi yake ni ileile. Anayepika wali wa nazi kwa namna ya zamani huketi juu ya mbuzi, kiti kidogo chenye ulimi wa chuma wenye meno, akazungusha kifuu kwa viganja viwili huku machicha yakidondoka kwenye sinia. Maji ya uvuguvugu hutiwa, machicha hufinywa na kukamuliwa kwa kifumbu, na tui la kwanza, zito, huwekwa kando. La pili ni jepesi na ndilo linalochemshia mchele. Tui zito huingia mwishoni, halafu chungu hupaliwa makaa juu ya mfuniko ili wali uive kwa moto wa juu na wa chini. Chini ya chungu hubaki ukoko. Sijui nyumba ya pwani ambayo watoto hawajawahi kugombania ukoko, na ningekuwa mwandishi wa mitaala ningeuingiza kwenye somo la uraia, kwa sababu ndipo mtoto anapojifunza mara ya kwanza kugawa kitu kisichotosha.

Karibu na Malindi kuna magofu ya Gede, mji wa mawe ya matumbawe uliohamwa karne kadhaa zilizopita. James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948. Hakupata majina ya waliokuwa wakiishi mle, hivyo nyumba zikaitwa kwa vitu vidogo vilivyookotwa humo: nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya bakuli la kaure, nyumba ya kisanduku cha pembe. Fikiri kidogo. Familia nzima, na ndoa zake na ugomvi wake na futari zake, imesahauliwa, na kilichoshika nafasi ya jina ni mkasi wa mtu aliyekuwa akishona.

Lile bakuli la kaure lina ndugu wengi. Vyombo vya Kichina vilifika pwani kwa majahazi karne nyingi kabla ya Wareno, na watu hawakuvifanya vya kulia tu. Walivipachika kwenye kuta za makaburi ya wakubwa, kama Kunduchi, na kwenye majumba ya Lamu ya karne ya 18 walivipanga ndani ya zidaka, vile vishimo vya plasta nyeupe vilivyopangwa safu juu ya safu kwenye ukuta wa ndani. Anayeingia sebuleni leo Tandika au Likoni au Morogoro ataliona kabati la vioo lenye sahani na vikombe ambavyo watoto wa nyumba wamekatazwa kuvigusa. Ni vyombo vya wageni. Umbo limebadilika, plasta imekuwa mbao na kioo, lakini desturi haijakatika: kitu kizuri kabisa cha nyumba huwekwa ili kitazamwe, na hutumika siku anapokuja mtu. Wapo wanaoicheka desturi hii. Mimi siicheki. Nyumba yenye vyombo vya wageni inaishi ikitarajia kutembelewa.

Wareno walipofika Malindi mwaka 1498, na baadaye walipojenga Ngome ya Yesu Mombasa kuanzia 1593, walileta vitisho na kodi, na hayo tunayasoma. Meli zao na za waliowafuata zilileta pia muhogo, mahindi, pilipili kali, mananasi, mapapai na mikorosho, mazao yote ya Amerika. Kabla ya hapo hakuna mtoto wa pwani aliyewahi kununua muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu baada ya shule, na hakuna futari iliyokuwa na muhogo wa nazi. Ukali ambao Ibn Battuta aliuonja ulikuwa wa pilipili manga na tangawizi tu. Hii ya kututoa jasho ilikuwa bado iko upande wa pili wa bahari.

Sasa tufike mahali ambapo makala nyingi za kumbukumbu tamu hupita haraka. Raha ya nyumba kubwa za pwani, kwa karne nyingi, ilibebwa na watumwa. Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni nje ya mji wa Unguja na baadaye akaitwa Emily Ruete, alichapa kumbukumbu zake Berlin mwaka 1886. Ndani yake mna ua mkubwa wenye tausi na paa waliofugwa, mna roshani ya mbao inayotazama bahari ambapo baba yake, Sayyid Said, alizoea kutembea huku na huku amezama katika fikra, na mna kahawa ikinywewa hapohapo. Ni kurasa nzuri mno. Lakini jumba lile, kwa hesabu yake mwenyewe, lilikuwa na watu wapatao elfu moja, na wengi wao hawakuwa wamekuja kwa hiari. Kahawa ilichemshwa na mtu. Maji ya kuoga yalitekwa na mtu. Nje ya jumba, mikarafuu iliyoulipia utajiri ule ilichumwa na watu walionunuliwa sokoni. Salme hakuuona utumwa kuwa ni uovu kama tunavyouona, na aliutetea waziwazi. Msomaji amsome hivyo hivyo, bila kumpaka asali.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Tarehe hizi huwekwa kwenye sura ya siasa. Mimi naziweka kwenye sura ya nyumba, kwa sababu hapo ndipo maelfu ya watu walipopata kwa mara ya kwanza mlango wa kuufunga wenyewe. Walijenga Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Unguja, nyumba za udongo zilizoezekwa makuti. Wanawake waliokuwa wakivaa kaniki na merikani, nguo za kitumwa, walizitupa wakavaa kanga za rangi, na mwanzoni mwa karne ya 20 kanga hizo zikaanza kusema, kwa maandishi yaliyochapwa juu yake. Nyumba ya mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, ambayo wengi huijua kwa jina la Abdulla, iliyoanza kazi Mombasa mwaka 1887, ilikuwa miongoni mwa zilizoieneza sana. Kanga ikawa ya kufungia mtoto, ya kutandikia, ya kufunika sinia, ya kumkabidhi mkwe, na ya kumpasha jirani bila kufungua mdomo. Bibi wengi, ukiwauliza mambo ya miaka yao ya ujana, hawataji mwaka. Hutaja kanga iliyokuwa inavuma wakati ule.

Katika kizazi cha watu hao ndimo alimotoka mwimbaji Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, katika familia ya wafinyanzi, na alikuwa akiuza vyungu mjini kabla ya kuhamia huko kwa uimbaji. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka hadi Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Muuza vyungu ambaye sauti yake inaingia kwenye majumba ya watu wasiowahi kumwona: hilo lilikuwa jambo jipya kabisa nyumbani, kwa sababu kabla ya santuri, muziki uliousikia ni ule uliopigwa na watu waliosimama mbele yako.

Baraza ni ya zamani kuliko kanga zenye maandishi na santuri. Kiti cha mawe au udongo kilichojengwa mbele ya nyumba kilimruhusu mwanamume kupokea watu bila kuwaingiza ndani, na jioni kilijaa. Muuza kahawa alipita na dele lake la shaba lenye makaa chini, akigonganisha vikombe viwili vidogo mkononi ili watu wamsikie, na kashata ikauzwa pembeni. Bao likachezwa hapohapo: mashimo 32 katika safu 4, kete 64 ambazo mara nyingi ni komwe, na shimo liitwalo nyumba, ambalo mchezaji mzuri haharakishi kulivunja. Kila mchezaji huanza na kete 22 za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni. Mtazamaji asiyejua ataona wazee wawili wakihamisha mbegu. Anayejua ataona hesabu inayofanywa kwa kasi kuliko midomo ya wanaowatania. Mwalimu Nyerere alilipenda bao na alilicheza mpaka uzeeni kwao Butiama. Tukubali tu kwamba raha ya baraza ilikuwa ya wanaume. Wanawake walikuwa na yao: ukili wa kusuka mikeka uani, kusukana nywele, hina, na mazungumzo ambayo hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuyaandika. Ndiyo maana tunajua kanuni za bao kuliko tunavyojua yaliyosemwa uani.

Yupo mmoja wetu aliyejaribu kuandika. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin mwaka 1900, alikusanya desturi za Waswahili, na zikatolewa na Carl Velten mwaka 1903. Humo mna jinsi mtoto anavyolelewa, jinsi mgeni anavyokaribishwa, ngoma, vyakula, michezo. Kabla yake Edward Steere alikuwa amechapa ngano za Unguja mwaka 1870, akiwamo yule paa wa Sultani Darai na sungura na punda wa dobi. Ngano hizo zilikuwa za usiku. Msimuliaji akisema paukwa, watoto wakaitika pakawa, taa ikiwa kibatari tu au moto wa jikoni. Bara nako, kuanzia Unyamwezi hadi Ukikuyu, kulikuwa na utaratibu wake wa kitendawili na tega, na karibu kila mahali watoto waliambiwa wasisimulie mchana, wasije wakaota mikia. Amri hiyo ilikuwa na akili: mchana ulikuwa wa kufukuza ndege mashambani.

Chai ndiyo inayotudanganya zaidi. Hakuna kitu kinachoonekana cha asili nyumbani kama birika la chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, chapati au mandazi kando yake. Hata hivyo kwa watu wengi wa Afrika Mashariki ni jambo la karne ya 20. Mgeni wa Bukoba kabla ya hapo alipewa amwani, buni zilizochemshwa pamoja na majani ya kunukia na kukaushwa, azitafune. Penginepo alipewa togwa, maziwa au pombe. Reli ya kutoka Mombasa hadi ziwani, iliyojengwa kuanzia 1896 hadi 1901 kwa mikono ya vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, iliwaacha pia wenye maduka na wapishi, na pamoja nao chapati na majani ya chai vilipanda bara kituo baada ya kituo. Mche wa chai ulipandwa Limuru mwaka 1903, na Wajerumani waliujaribu Amani, Usambara, wakati huohuo. Mashamba makubwa ya Kericho yalianza katikati ya miaka ya 1920, na ya Mufindi hayakuchelewa kufuata. Kwa miongo mingi mkulima Mwafrika wa Kenya aliruhusiwa kuichuma tu kwa ujira, asiipande kwake. Leo wakulima wadogo ndio wanaotoa sehemu kubwa ya chai ya Kenya. Vikombe vya kwanza vilikuwa ishara ya mtu aliyesoma au aliyefanya kazi mjini, na sukari ilikuwa ni sehemu ya hadhi hiyo. Ndiyo maana tunatia nyingi. Mgeni akipewa chai isiyo tamu atajua hakukaribishwa.

Ugali wa mahindi nao una historia kama hiyo, na ni ya uchungu zaidi. Mahindi yalikuwepo tangu enzi za Wareno, lakini ugali wa babu zetu ulikuwa wa mtama, ulezi, uwele. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwachukua mamia ya maelfu ya wapagazi, na walilishwa unga. Mashamba ya mkonge, reli na migodi yaliwapimia vibarua posho, na posho ilikuwa mahindi kwa sababu yalikuwa rahisi kulima, kusafirisha na kupima. Elisabethville, mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba na sasa unaitwa Lubumbashi, uliwaleta watu wa lugha nyingi wakala bukari na kuzungumza Kiswahili. Chakula cha kambi kikawa chakula cha nyumbani. Watoto wao hawakukiona tena kuwa ni posho. Walikiona kuwa ni chakula cha mama. Kisha mashine ya kusaga ikafika, ikamwondolea mwanamke saa nyingi za jiwe na kinu kila siku. Katika uvumbuzi wote ulioingia vijijini, huo ndio ninaoupa nafasi ya kwanza, mbele hata ya taa ya umeme.

Lakini ukimwuliza mtu wa zaidi ya miaka hamsini nini kilikusanya nyumba yake, atasema redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, na Unguja ilikuwa na yake mwaka huohuo. Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, ikiwachokoza Waingereza, na BBC ikafuata tarehe 27 Juni 1957. Baada ya uhuru zikaja Sauti ya Kenya na, mwaka 1965, Radio Tanzania Dar es Salaam. Nairobi, Leonard Mambo Mbotela alianza mwaka 1966 kuuliza kila wiki kama huu ni ungwana, akiwasema wanaoingia kwa watu bila hodi na wanaokula harusini kana kwamba wameapa kutokula kwao. Tanzania ilikuwa na Mama na Mwana kwa watoto, na Pwagu na Pwaguzi kwa kila aliyekuwa na mbavu za kuvunjika.

Redio ilikuwa moja kwa nyumba, wakati mwingine moja kwa mtaa. Iliwekwa juu ya meza ndogo, ikavishwa kitambaa cha kufuma chenye maua pembezoni, na mwenye ruhusa ya kuzungusha kitufe alikuwa baba. Betri zilipoanza kufa sauti ikawa nyembamba, watu wakasogea karibu zaidi, na kesho yake betri zilianikwa juani juu ya bati pamoja na dagaa ili zipate nguvu ya jioni moja zaidi. Zikikataa kabisa, mtoto alizibonyeza kwa meno kabla ya kuzirudisha. Saa ya taarifa ya habari hakuna aliyeongea. Saa ya matangazo ya vifo hata mtoto alijua kunyamaza, kwa sababu jina likitajwa, na majina ya ndugu walioko Tabora, Tukuyu na Mwanza yakifuatana, huenda mojawapo ni la nyumba hii. Kisha zilikuja salamu: mtu wa Kigoma anamsalimu shemeji yake wa Lindi, na nchi nzima inawasikiliza. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962, na Zanzibar ilikuwa na ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chake mpaka 1994. Serikali iliiona ni anasa. Walioilaumu walikuwa na haki, ila matokeo yake ni kwamba kizazi kizima cha Bara kina kumbukumbu za pamoja zilizo za masikio.

Kizazi hichohicho kinakumbuka foleni. Ukame wa katikati ya miaka ya 1970, bei ya mafuta, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na maduka ya umma yaliyobaki rafu tupu, vilizifanya sabuni na sukari kuwa habari. Unga wa mahindi ya njano wa msaada, uliotoka Marekani, ukaitwa Yanga kwa rangi yake, kama timu ya mpira, na mashabiki wa Simba, mahasimu wa timu hiyo, walilazimika kuula kama wengine. Chai ilinywewa kwa sukari guru au bila kitu. Jambo la ajabu ni kwamba watu husimulia miaka ile wakicheka. Sidhani ni kwa sababu njaa ilikuwa tamu. Anayesimulia shida iliyompata pamoja na mtaa mzima ana wa kumwitikia. Ali Hassan Mwinyi alipoingia madarakani mwaka 1985 na milango ya biashara ikafunguka, sabuni za kunukia zilirudi, na wapo waliozihifadhi kabatini kati ya nguo, bila kuzikogea, kwa ajili ya harufu tu.

Nyumba nyingine zilihama na siku zao. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 Waunguja na Wapemba wengi waliondoka, na baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 wengi walifika Oman. Katika vitongoji vya Muscat zipo nyumba ambamo bibi bado anakuna nazi, mandazi yanatoka na chai ya alasiri, na Kiswahili ni lugha ya jikoni ingawa wajukuu wanajibu kwa Kiarabu. Waliobaki Unguja wana picha. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na kwa miongo mingi watu wa mji walikwenda kwake wamevaa nguo za sikukuu wakasimama bila kutabasamu. Picha hizo, na za studio za kila mji kutoka Lamu hadi Bujumbura, ndizo zilizokuwa kwenye albamu aliyowekewa mgeni mapajani mara tu baada ya kupewa soda.

Albamu zimepungua. Picha ni maelfu ndani ya simu, na simu ikianguka chooni zinakwenda zote. Kundi la familia kwenye WhatsApp linafanya kazi ya baraza, na nakiri linaifanya vizuri kuliko wazee wanavyokubali: mtu wa Minneapolis anauliza kiasi cha tui kwa kilo ya mchele na kabla maji hayajachemka shangazi watatu wamejibu, kila mmoja la kwake. Ila hakuna anayeyaandika majibu hayo mahali pa kudumu.

Hapo ndipo ninapokuomba, msomaji. Mwenye miaka 80 leo alikuwa mtoto Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza, alikula Yanga akiwa mama au baba wa watoto, na huenda alimwona bibi yake akisaga kwa jiwe. Mwendee wiki hii. Usimwulize maisha yalikuwaje, atakujibu yalikuwa magumu na mazungumzo yataisha. Mwulize chai ya kwanza aliinywea kwa nani, redio ya kwanza ilikuwa ya nani, kanga ya harusi yake iliandikwa nini, na mashine ya kusaga ilifika kijijini mwaka gani. Rekodi kwa simu, kisha andika kwenye daftari jina lake, mahali na tarehe.